Kisangani: Anaoga, anavaa, anasali, lakini hesabu ya soko inamshinda

KISANGANI – Ukiuliza mtaani ugonjwa wa kusahau wa wazee ni nini, utaonyeshwa koko aliyepotea njia akitoka kanisani, au mzee anayemwita mtoto wake kwa jina la ndugu aliyekufa zamani. Hao wanajulikana Makiso, Mangobo, Kabondo, hata ng'ambo kule Lubunga. Lakini kabla ya kufika hapo kuna kipindi kingine, pengine cha miaka mingi, ambacho mitaani hakina jina. Mtu anaamka, anaoga, anavaa kikwembe chake vizuri, anasalimia majirani kwa majina yao, anakwenda misa na kurudi mwenyewe. Kisha sokoni anapewa noti ya franka 10.000 kwa kitu cha franka 3.500, na mkono unabaki hewani.

Waganga wetu, ambao wamesoma kwa Kifaransa, wanakiita kipindi hicho «trouble cognitif léger». Kwa Kiswahili tunaweza kusema udhaifu mdogo wa utambuzi. Neno «mdogo» lisitudanganye. Ni mdogo kwa daktari anayeulinganisha na ugonjwa mkubwa unaoweza kufuata. Kwa mama anayelisha watu saba kwa meza yake ya samaki, kukosea hesabu kila siku si jambo dogo hata kidogo.

Mwaka 1999, Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza hali hii kwa namna ambayo wengi wameifuata tangu wakati huo. Mtu mwenyewe au jamaa yake analalamika kwamba kumbukumbu imepungua. Vipimo vinaonyesha kwamba kweli imepungua kuliko kawaida ya umri wake. Lakini akili kwa jumla bado inafanya kazi na shughuli za kila siku zinaendelea. Wataalamu waliokutana Stockholm, Sweden, mwaka 2003 waliongeza kwamba tatizo linaweza kugusa pia umakini, lugha au uwezo wa kupanga mambo, na kwamba mtu anaweza kuanza kusumbuka kidogo katika kazi zenye hatua nyingi. Demensia yenyewe inahesabiwa pale mtu anaposhindwa kujitegemea.

Hivyo mpaka kati ya hali hizi mbili haupo kwenye picha ya kichwa wala kwenye chupa ya damu. Upo kwenye shughuli za kila siku. Na hapo ndipo swali la mtu wa Kisangani linapoanza: shughuli zipi?

Maswali yaliyoandikwa kwa watu wengine

Mwaka 1963, daktari wa Marekani Sidney Katz alipanga mambo 6 ya msingi: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani na kwenye kiti, kujizuia haja, na kula. Mtu mwenye udhaifu mdogo anayafanya yote hayo bila shida. Ndiyo maana jamaa husema kwa uhakika kwamba mzee wao hana kitu.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1969, M. Powell Lawton na Elaine Brody walitoa orodha ya pili, ya kazi zinazodai kufikiri: kutumia simu, kununua vitu, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa kwa wakati, na kushika pesa. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba ni kazi za namna hii, hasa za pesa, zinazotikisika mapema. Jambo la kuchekesha kidogo: katika orodha hiyo ya mwanzo, wanaume hawakuhesabiwa alama za kupika, kutunza nyumba wala kufua. Ni Marekani ya mwaka 1969, lakini mzee wa mtaa wa Tshopo angejiona nyumbani.

Orodha hiyo bado inatumika duniani kote. Shida yake ni kwamba inamdhania mtu anayeishi peke yake, mwenye duka karibu, mwenye akaunti ya benki na basi linalopita kwa saa. Kwetu, mzee wa miaka 72 anaweza kuwa hajapika maisha yake yote, hafui kwa sababu wajukuu wapo, hasafiri kwa sababu hana safari. Ukimjazia fomu, ama ataonekana mgonjwa sana, ama hataonekana kabisa.

Watu wa Tanzania waliligusa jambo hili kabla yetu, tena kwa Kiswahili. Katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, watafiti walipima watu 1.198 wenye miaka 70 na kuendelea, na makadirio yao yakawa kwamba watu 6,4 kwa 100 wa umri huo walikuwa na demensia. Kisha waliona kwamba maswali ya Ulaya na Marekani hayafai kupimia kazi za mzee wa kijijini. Wakarudi kwa wenyeji na kuuliza: hapa, mzee mwenye akili timamu anategemewa kufanya nini? Kutoka kwenye majibu hayo yalitoka maswali 11, yaliyotangazwa mwaka 2014, ambayo anaulizwa mtu anayemfahamu mzee vizuri.

Timu hiyo ilitengeneza pia kipimo kifupi cha akili ambacho hakihitaji kalamu. Badala ya kumwambia mtu ambaye hakwenda shule achore, anapewa vijiti vya kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Anaulizwa pia daraja ni nini. Hapa kwetu, mwenye kulijua daraja la mto Tshopo atakuwa na la kusema.

Kazi za hapa

Tuchukue basi Kisangani, bila fomu ya mtu yeyote, na tuangalie kazi ambazo zingeulizwa. Mifano inayofuata si ya mtu fulani. Ni kazi ambazo kila msomaji wa mji huu anazijua.

Kwanza ni soko. Mama anayeuza samaki wa kukaushwa au mafuta ya mawese hafanyi hesabu moja. Anashika kichwani bei aliyonunulia, bei ya leo, nani amechukua kwa deni na atalipa lini, na juu ya hayo yote kuna dola. Mnunuzi anatoa dola 5, anataka baki kwa franka, na kiwango cha asubuhi si kile cha wiki jana. Hiyo ni kazi ambayo ingemtoa jasho mwanafunzi wa chuo kikuu. Mama huyo ameifanya miaka 30 bila kuandika. Akili inapoanza kudhoofika, hasahau kuuza. Anasahau deni la tatu. Anarudisha baki mara mbili, au anagombana na mnunuzi ambaye amekwisha kulipa. Wateja wanaanza kusema kwamba mama amekuwa mkali. Biashara inapungua, na nyumbani wanafikiri ni soko ndilo limekufa.

Halafu kuna likelemba. Kila wiki watu 10 wanachanga na mmoja anachukua. Anayeshika zamu kichwani lazima akumbuke nani amechukua na nani bado. Mwenye udhaifu mdogo anaweza kutoa mchango wake bila kukosa, kisha akaapa kwamba zamu yake ilirukwa. Kikundi kikianza kumwona mwongo, anaondolewa, naye anapoteza pesa pamoja na watu aliozoea kukaa nao.

Jikoni dalili ni ndogo zaidi. Lituma inataka mpangilio: ndizi zichemke, makala yasizimike, sombe iwe njiani, mafuta na chumvi kwa wakati wake, kisha kutwanga. Mikono haisahau kutwanga. Kinachopotea ni mpangilio. Chumvi inaingia mara mbili, au sufuria inaungua kwa sababu jirani amepita kusalimia. Mwenye kuona atasema kwamba mama amezeeka, na kweli inaweza kuwa uzee tu. Sufuria moja haithibitishi kitu.

Mtoni, mtu anayevuka kati ya Lubunga na upande wa mjini hapotei. Njia anaijua tangu utoto. Ila alipakia mizigo minne kwenye mtumbwi na ameshuka na mitatu.

Simu ni mlango mwingine. Pesa za watoto walio Kinshasa, Goma au Ulaya zinafika kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na kuzitoa kunadai namba ya siri na hatua nne au tano kwenye kioo kidogo. Wengi wa umri huo hawakuwahi kujifunza, kwa hiyo kushindwa peke yake hakuna maana. Maana ipo kwa yule aliyekuwa anafanya mwenyewe mwaka jana na leo anampa mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Mjukuu mwema atatoa pesa zote. Si wajukuu wote ni wema, na matapeli wa simu wanamtafuta mtu wa namna hiyo hasa.

Kuna jambo jingine ambalo orodha za Marekani hazikuliwaza: karatasi za vita. Watu wengi wa mji huu waliumia katika vita vya siku sita vya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na mfuko wa FRIVAO ukapewa kazi ya kugawa malipo hayo kwa waathirika. Mtu aliyekuwa na miaka 50 siku zile sasa amefikisha 75. Anatakiwa kujua jina lake limeandikwa wapi, karatasi ipi imebaki mkononi mwake, aliambiwa arudi siku gani, na kueleza jambo lilelile kwa namna ileile kila anapoulizwa. Aliyeona nyumba yake ikibomolewa hasahau mabomu. Anaweza kusahau mahali alipoweka karatasi. Anayechanganya tarehe mbele ya meza anaweza kudhaniwa kuwa mdanganyifu, na kwangu hii ndiyo hatari kubwa kuliko sufuria zote zilizoungua.

Heshima inaficha

Kwa maoni ya mwandishi huyu, Kisangani ina tatizo lake ambalo halimo katika vitabu vya Ulaya. Kwetu heshima inaficha ugonjwa. Baba mkubwa anakaa kwenye kiti chake. Chakula kinaletwa, maji ya kuoga yanachotwa, dawa analetewa na binti. Kazi ambazo zingeonyesha udhaifu wake zimeshikwa na wengine tangu zamani. Iliyobaki ni moja, na ndiyo ngumu kuliko zote: shauri la ukoo. Mahari ilikuwa kiasi gani, kiwanja kiligawanywa namna gani, nani alikuwa shahidi. Siku anapotoa mashauri mawili yanayopingana juu ya kiwanja kimoja, vijana hawasemi kwamba anaumwa. Wanasema amekula pesa za upande mmoja.

Mjane anayeishi na wajukuu watano hana kivuli hicho. Kwake udhaifu unaonekana mapema, kwa sababu hakuna mwingine wa kushika kazi. Anagundulika haraka na kuumia haraka.

Pia kuna ulozi. Katika nchi yetu mzee anayeongea peke yake usiku, au anayesimama mlangoni mwa jirani bila kukumbuka alifuata nini, anaweza kuitwa mlozi. Ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville, watafiti waliandika mwaka 2016 juu ya watu wenye demensia ambao jamaa zao waliwashuku kwa ulozi hadi wakafikishwa mbele ya hukumu ya kimila. Hao walikuwa wamepita hatua tunayoizungumzia hapa. Ila shaka huanza kujengwa katika hatua hii, wakati bado mtu anaweza kujieleza na kutetewa.

Si kila kusahau kunakwenda mbele

Katika hospitali zinazowafuatilia watu hawa kwa miaka, takribani 10 hadi 15 kwa 100 huingia katika demensia kila mwaka. Kwa watu wanaopimwa mitaani tu, idadi ni ndogo zaidi, na wengine wanarudi katika hali ya kawaida. Hilo la kurudi linasahauliwa sana. Shinikizo la damu lisilotibiwa, sukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito ya mjane, dawa za usingizi, lotoko ya kila jioni, virusi vya UKIMWI, kaswende: yote haya yanaweza kuvuruga akili, na mengi yanatibika. Kwa jimbo la mito kama Tshopo, usisahau malale. Ugonjwa huo ukifika kwenye ubongo unageuza usingizi, tabia na fikra, na mgonjwa anaweza kudhaniwa kuwa mzee aliyechanganyikiwa tu. Tangu 2018 kuna kidonge, fexinidazole, kilichojaribiwa zaidi hapa Kongo kwetu.

Masikio na macho nayo yanadanganya. Mtu asiyesikia vizuri bei iliyotajwa atarudisha baki isiyo sahihi hata kama akili yake ni nzima. Mwenye mtoto wa jicho atachanganya noti ya 500 na ya 1.000, hasa zile zilizochakaa.

Lugha pia. Mama wa Kilokele ambaye hakukaa darasani, akiulizwa kwa Kifaransa ahesabu kurudi nyuma kutoka 100, ataonekana mgonjwa siku ileile. Jean Ikanga, Mkongomani mtaalamu wa saikolojia ya ubongo anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, ametengeneza pamoja na wenzake vipimo vinavyotumia hadithi, orodha za maneno na methali za Kiafrika, na kufanya utafiti wa kumbukumbu kwa wazee wa Kinshasa. Utafiti kama huo unahitajika hapa pia. Katika miji ya jirani tunajua kidogo: kwa watu wenye miaka 65 na zaidi, demensia ilikadiriwa kuwa 8,1 kwa 100 mjini Bangui na 6,7 kwa 100 mjini Brazzaville.

Dawa ya kuponya udhaifu huu haipo. Lecanemab, iliyokubaliwa kikamilifu Marekani Julai 2023, ni kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa wa Alzheimer tu. Inapunguza mwendo wake kidogo, haiponyi. Ilipokubaliwa iliwekwa kwenye mshipa kila wiki mbili, inadai picha za ubongo mara kwa mara, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 26.500 kwa mwaka. Tuiache huko.

Kilicho karibu ni hiki. Tume ya jarida la The Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu 45 kwa 100 ya demensia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa. Mengi tunayafahamu: shinikizo la damu, sukari, sigara, pombe nyingi, kutokusoma, kuishi bila watu, kutosikia, kutoona, moshi, kuumia kichwa. Anayepanda pikipiki bila kofia na anayepikia makala katika chumba kisicho na dirisha wamo wote wawili katika hesabu hiyo. Tena shinikizo la damu lina mtego wake: vidonge vyake vinataka kumbukumbu ile ile inayopotea, na mtu anaweza kumeza mara mbili leo na kukosa siku tatu zinazofuata.

Kumwacha afanye

Kosa la kawaida la jamaa zenye upendo ni kumpumzisha. Meza ya samaki inachukuliwa na binti, pochi inachukuliwa na kijana, na mama anaambiwa akae. Miezi michache baadaye hana pa kwenda, hana wa kuongea naye, na siku zote zinafanana. Lakini upo upande wa pili: kumwacha peke yake na pesa zote ni kumtoa mbele ya wezi. Kati ya hayo mawili kuna nafasi pana. Mama aendelee kuuza, na deni liandikwe. Kama hakusoma, mjukuu aliyetoka shuleni anaandika jioni kila siku. Bei ziwe chache na za mviringo. Dola zisipokelewe kwenye meza hiyo, ziende kwa anayebadilisha. Likelemba iwe na mtu wa pili anayejua zamu. Vidonge viwekwe kwenye kibweta chenye sehemu saba, au kwenye karatasi saba zilizokunjwa. Karatasi za vita, za kiwanja na za pensheni ziwe katika mfuko mmoja, mahali pamoja, na angalau watu wawili wa nyumba wapajue.

Na mtu alinganishwe na yeye mwenyewe wa miaka miwili iliyopita, si na jirani yake.

Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kwa hatua maalum. Vituo vinavyojulikana kwa magonjwa ya akili, kama CNPP ya Kinshasa au Sosame ya Bukavu, viko mbali na familia ya Mangobo. Kwenda Kinshasa ni ndege, au ni boti ya siku nyingi mtoni. Lakini mwanzo wa kazi hii hauhitaji ndege. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kupima shinikizo la damu na sukari, kuangalia masikio na macho, na kuamua nani atumwe hospitali kubwa. Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao mhGAP, ulioanza 2008, wa kuwafundisha wauguzi na madaktari wasio mabingwa kutambua shida kama hizi.

Anayempeleka mzee aende na mtu anayeishi naye nyumba moja, si yule aliyefika jana kutoka Kinshasa. Abebe dawa zote katika mfuko, za hospitali na za majani, bila kuficha. Aombe maswali yaulizwe kwa lugha ambayo mzee anaitumia nyumbani. Na muuguzi akiuliza kama mama anajivalisha mwenyewe, ajibu ndiyo, kisha aongeze habari za soko.